Jeraha Lisilokua Katika Mwili Unaokua

Mtindio wa ubongo ni hali ya kudumu inayoathiri namna mtoto anavyojongea, anavyokaa na anavyousimamisha mwili wake. Chanzo chake ni jeraha au hitilafu iliyoupata ubongo ungali unajengeka, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya maisha yake. Nchini Kenya wengi huiita kupooza kwa ubongo. Si ugonjwa mmoja bali ni kundi la hali zinazokutana katika chanzo hicho, na ndiyo maana watoto wawili ambao faili zao zimeandikwa jina lile lile huweza kutofautiana kabisa. Mmoja anacheza mpira na wenzake huku akichechemea kidogo. Mwingine hawezi kuinua kichwa pasipo kushikwa.

Jeraha lenyewe halikui wala halisambai. Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu mtoto wanamwona akibadilika. Miguu iliyonyooka vizuri akiwa na mwaka 1 inagoma kunyooka akiwa na miaka 6, na mgongo uliokuwa wima unaanza kupinda anapobalehe. Kinachobadilika ni mwili, kwa kuwa unakua ukiongozwa na ubongo ulioumia. Sehemu kubwa ya mateso ya watoto hawa haitoki moja kwa moja kwenye ubongo. Inatokana na misuli iliyofupika, nyonga zilizoteguka, njaa, kifafa kisichotibiwa na maumivu ambayo hakuna aliyeyatambua, na hayo yote yanaweza kuzuiwa au kupunguzwa hata pale ambapo ubongo wenyewe hauwezi kurudishwa ulivyokuwa.

Katika nchi nyingi zenye rejesta za miaka mingi, hali hii huwapata watoto wapatao 2 kati ya kila 1,000. Katika eneo la Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Sweden walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watoto wenye hali hiyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha karibu watoto 3 kati ya kila 1,000. Walipowafuatilia watoto hao miaka iliyofuata, waligundua kwamba walikuwa wakifariki kwa kiwango kinachozidi mara 20 kile cha watoto wengine wa eneo hilo, na walio hatarini zaidi walikuwa wale wenye ulemavu mkali na waliokonda kwa utapiamlo.

Mjadala kuhusu chanzo ni wa zamani. Mwaka 1861 William John Little, daktari wa upasuaji wa London, aliwaeleza madaktari wenzake kwamba ukakamavu wa miguu aliouona kwa watoto wengi ulihusiana na uzazi mgumu, kuzaliwa kabla ya wakati na mtoto kukosa hewa. Kwa miaka mingi hali hiyo iliitwa ugonjwa wa Little. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa bado daktari wa mishipa ya fahamu, alitoa hoja kwamba huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya tatizo lililoanza mapema zaidi, mtoto angali tumboni. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Katika nchi tajiri, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huhusishwa na sehemu ndogo tu ya watoto hawa, na kundi kubwa ni njiti waliozaliwa wadogo sana na kuokolewa katika vyumba vya uangalizi maalumu. Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Njiti wadogo kabisa mara nyingi hawaishi, na nafasi kubwa inachukuliwa na uchungu uliochukua muda mrefu, mtoto kuzaliwa bila kulia, umanjano mkali, na maradhi yanayoushambulia ubongo baada ya kuzaliwa. Katika utafiti ule wa Iganga, robo ya watoto walikuwa na tukio lililotokea baada ya mwezi wa kwanza wa maisha ambalo linaweza kuwa ndilo lililowadhuru. Malaria inayopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo ni miongoni mwa matukio ya aina hiyo.

Mahali jeraha lilipo ndipo panapoamua mwili utakavyokuwa, na mahali penyewe hutegemea umri wa ubongo ulipoumia. Kwa njiti aliyezaliwa kati ya wiki ya 24 na ya 32 ya mimba, sehemu iliyo dhaifu zaidi ni nyaya nyeupe zilizo kando ya vyumba vya maji katikati ya ubongo. Nyaya zinazokwenda miguuni ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba hivyo, kwa hiyo miguu huathirika kuliko mikono. Mtoto aliyetimiza miezi yake kisha akakosa hewa ghafla huumia zaidi katika viini vya ndani kabisa vya ubongo, vile vinavyoratibu mijongeo. Viini hivyo hivyo ndivyo vinavyovamiwa na umanjano unapopanda kupita kiasi. Mshipa mmoja wa damu ukiziba upande mmoja wa ubongo, mkono na mguu wa upande wa pili ndivyo vinavyopata shida.

Umanjano unastahili kutajwa kwa uzito wake, kwa sababu madhara yake huzuilika karibu kabisa na bado unawaharibu watoto. Katika pwani ya Afrika Mashariki kuna watu wengi wanaorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao huzifanya chembe nyekundu za damu kuvunjika kwa urahisi. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo anaweza kuwa wa manjano kwa kasi, hasa akivalishwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya nondo. Juu ya ngozi nyeusi rangi ya manjano haionekani upesi, hivyo huangaliwa kwenye weupe wa macho, fizi na nyayo. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi umanjano ukiwa mkali. Anahitaji kupimwa damu na kuwekwa chini ya taa maalumu ya hospitali siku hiyo hiyo. Anayeonekana wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au anayekuwa mlegevu na kukataa kunyonya, hapaswi kusubiri kesho.

Mtoto anayezaliwa bila kupumua naye anaweza kuokolewa na mkunga mwenye mfuko na barakoa ya kupulizia hewa, mradi aanze ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo hayo yalipotolewa katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu nusu, kama ulivyoonyesha utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Naye mama anayekaribia kujifungua njiti anaweza kupewa magnesiamu salfeti, dawa ya bei nafuu inayojulikana zaidi katika wodi za wazazi kwa kutibu kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani limeipendekeza pia kwa ajili ya kuulinda ubongo wa mtoto anayekaribia kuzaliwa kabla ya wiki ya 32.

Ili kuelewa kinachoharibika mwilini, ni lazima kwanza kuufahamu mkazo wa kawaida wa misuli. Misuli ya mtu mzima wa afya haiwi tepetepe hata anapopumzika. Ina mkazo mdogo wa kudumu unaomwezesha kukaa wima na kuwa tayari kujongea. Ndani ya kila msuli kuna vihisio vinavyopeleka habari kwenye uti wa mgongo pindi msuli unapovutwa, na uti wa mgongo hujibu kwa kuuamuru msuli ujikaze. Ndicho kinachotokea daktari anapogonga chini ya goti kwa kinyundo na mguu ukaruka. Ubongo hushusha amri za kuutuliza mwitikio huo ili usizidi. Nyaya zinazoshusha amri hizo zikiumia, uti wa mgongo hujibu kila mvuto kwa nguvu kupita kiasi.

Huo ndio ukakamavu, aina ya kwanza ya hali hii, na watoto zaidi ya 8 kati ya 10 wenye mtindio wa ubongo wanao. Sifa yake kuu ni kwamba unategemea kasi. Msuli ukivutwa polepole hukubali. Ukivutwa kwa haraka hugoma. Mama anayemvalisha mtoto shati kwa pupa huukuta mkono umekaza kama mti, ilhali akiushika karibu na bega na kuunyoosha taratibu huku mtoto ametulia, mkono huachia. Jambo hilo dogo hubadilisha kazi ya kila asubuhi katika nyumba yenye mtoto wa namna hii, na ni vizuri mama akaelezwa mapema.

Ukakamavu hauishiki misuli yote sawasawa. Ile inayokunja hushinda ile inayonyoosha, hivyo kiwiko hukunjika, kiganja huinama, kidole gumba hujificha ndani ya ngumi, mapaja hubanana na miguu hupishana kama mkasi, na kisigino huinuka mtoto akatembea kwa vidole. Msuli uliokakamaa unaweza kudhaniwa kuwa una nguvu nyingi, lakini kwa kweli ni dhaifu. Mtoto pia hukosa uwezo wa kujongeza kiungo kimoja peke yake: akitaka kuinua unyayo, goti na nyonga vinakunjika pamoja nao. Zamani baadhi ya wataalamu waliogopa kuwapa watoto hawa mazoezi ya kujenga misuli, wakidhani yangezidisha ukakamavu. Hofu hiyo haina msingi.

Ikiathirika miguu yote miwili kuliko mikono, mtoto huweza kukaa na kutumia mikono yake vizuri lakini akachelewa kutembea. Ukiathirika upande mmoja tu, karibu watoto wote hutembea, na mara nyingi dalili ya kwanza ni mtoto wa miezi 8 au 10 anayeshika kila kitu kwa mkono mmoja. Wazazi hufurahi kwamba amezaliwa wa kulia au wa kushoto, ilhali kwa kawaida mtoto hachagui mkono kabla ya kutimiza mwaka. Wanaobeba mzigo mkubwa ni wale ambao mikono na miguu yote imeathirika pamoja na shingo na kiwiliwili, na kwao mambo yanayoandamana na hali hii huwa mengi pia.

Aina ya pili inatoka katika viini vya ndani ya ubongo, na haifanani na ya kwanza. Hapa mkazo wa misuli hubadilika-badilika. Mtoto aliyelala usingizi huwa laini kabisa. Akiamka na kutaka kitu, hasa akiwa na furaha au hasira, mwili hujinyonga, mgongo hupinda kwenda nyuma, mdomo hufunguka, vidole hujipanga vibaya. Hali ya kujinyonga na kuganda namna hiyo huitwa distonia. Mijongeo ya polepole ya kujiviringa-viringa ya mikono huitwa athetosi. Kadiri mtoto anavyojitahidi kukifikia kitu ndivyo mwili unavyozidi kumkatalia, na asiyejua humwona mkaidi au mwenye akili pungufu. Mara nyingi hukosea sana. Christy Brown, mwandishi wa Dublin aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa na aina hii. Mguu wa kushoto ndio kiungo alichoweza kukitawala vizuri, na kwa mguu huo aliandika. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1954. Watoto walioumizwa na umanjano mara nyingi huwa katika kundi hili, na baadhi yao hupoteza pia usikivu.

Aina ya tatu ni adimu. Hutokana na kuumia kwa ubongo wa nyuma, ule unaosimamia mizani, na huitwa ataksia: mtoto hutembea ametanua miguu, huyumba, na mkono hutetemeka unapokaribia kikombe. Wapo pia wenye mchanganyiko wa aina mbili. Ulegevu wa misuli, kwa upande wake, huonekana kwa watoto wengi katika miezi ya mwanzo, na wengi wao hugeuka wakakamavu baadaye. Mtoto anayebaki mlegevu hadi anapita miaka 2 anastahili kuchunguzwa zaidi, kwani huenda ana ugonjwa mwingine kabisa, wa misuli au wa kurithi.

Mifupa ya mtoto hurefuka, na misuli hurefuka kwa kufuata mvuto wa kila siku anapokimbia, anapopanda na anapojinyoosha. Msuli uliokakamaa haupati mvuto wa kutosha, hivyo hubaki mfupi mfupa ukizidi kurefuka. Mwanzoni unaweza bado kunyooshwa mpaka mwisho. Baada ya miaka hujifunga, na hata mtoto akiwa usingizini haunyooki tena. Tofauti baina ya msuli uliokaza na msuli uliofupika ni ya maana sana kwa tiba, kwa sababu dawa za kulegeza misuli husaidia ule wa kwanza na hazifanyi lolote kwa ule wa pili.

Nyonga ndiyo inayohitaji macho makali kuliko viungo vyote. Mtoto wa kawaida anaposimama na kutembea, kichwa cha mfupa wa paja hujichimbia nafasi yake kwenye nyonga. Kwa mtoto asiyesimama, ambaye mapaja yake yanabanwa muda wote, kichwa hicho husukumwa nje kidogo kidogo bila kelele na bila maumivu, mpaka siku kinapotoka. Kwa jumla mtoto 1 kati ya 3 hupata tatizo hilo kwa kiwango fulani, na kwa walio na ulemavu mkali kabisa huwa ni wengi zaidi ya nusu. Baada ya nyonga kutoka, kukaa kunauma, kusafishwa kunauma, na mgongo hupinda upande. Kusini mwa Sweden mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuwapima watoto wote wenye mtindio wa ubongo na kuwapiga picha ya eksirei ya nyonga kwa ratiba, wakafanyiwa upasuaji mdogo mapema pale ilipobidi. Kabla ya hapo karibu mtoto 1 kati ya 10 nyonga yake ilitoka. Baada ya mpango huo ikawa ni chini ya 1 kati ya 100. Eksirei ni kipimo kinachopatikana katika hospitali nyingi za wilaya, na wala si ghali ukilinganisha na upasuaji wa nyonga iliyokwisha kuharibika.

Kupima ukali wa hali hii kwa maneno kama "kidogo" au "kali" hakumsaidii mtu. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake, wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, walitoa mpangilio wa madaraja 5 unaotumika sasa duniani kote. Mtoto wa daraja la I hutembea, hukimbia na kupanda ngazi, ila kwa kasi na ustadi pungufu. Wa daraja la II hutembea lakini hushindwa umbali mrefu na sehemu zisizo tambarare. Wa daraja la III huhitaji kitembezi au magongo, wa daraja la IV hutegemea zaidi kiti cha magurudumu, na wa daraja la V huhitaji kushikiliwa kichwa na kiwiliwili na kusukumwa popote aendako. Daraja kwa kawaida halibadiliki sana baada ya miaka 2, na hilo huwapa wazazi jibu la kweli kwa swali wanaloliuliza kila kliniki: je, atatembea? Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe akiwa na miaka 2 ana matumaini makubwa ya kutembea. Wa daraja la V hufikia sehemu kubwa ya uwezo wake wa mijongeo kabla ya miaka 3, na wa daraja la I karibu na miaka 5. Miaka hiyo ya mwanzo ndiyo mara nyingi hupotea kwa waganga, kwa minong'ono ya majirani kwamba mama alikosea mwiko, na kwa ushauri wa "subirini, atachangamka tu".

Pamoja na mijongeo huja mambo mengine, kwa sababu jeraha la ubongo ni nadra kugusa kazi moja tu. Takwimu zilizokusanywa kutoka tafiti nyingi, hasa za nchi tajiri, zinasema nusu ya watoto hawa wana upungufu wa akili na nusu hawana. Mmoja kati ya 4 ana kifafa, na mmoja kati ya 4 hawezi kuzungumza. Mmoja kati ya 10 haoni. Watatu kati ya 4 wana maumivu. Nambari hizi hupanda kadiri daraja linavyopanda.

Kifafa kina dawa, na fenobabito hupatikana hata katika vituo vidogo vya afya. Degedege likianza, mtoto hulazwa ubavu, mdomoni haingizwi kijiko wala maji, na likipita dakika 5 hupelekwa hospitali. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla kwa kuwa imeisha au kwa kuwa mtoto ameonekana amepona. Kukatizwa ghafla huweza kuleta degedege kali kuliko la kwanza.

Kutozungumza kunapaswa kutenganishwa kabisa na kutoelewa. Midomo, ulimi na koo ni misuli kama misuli mingine, navyo hukakamaa au kujinyonga. Mtoto anayeelewa kila kinachosemwa sebuleni anaweza kushindwa kutamka hata jina lake. Ubao wenye picha za maji, chakula, choo, maumivu, ndiyo na hapana, ambao anauonyesha kwa mkono au kwa macho, humpa sauti, na haumzuii kujifunza kusema. Udenda unaomtoka nao haumaanishi kwamba ana mate mengi. Ameshindwa kuyameza kwa wakati.

Macho yanaweza kuwa na makengeza, au yakawa mazima huku ubongo ukishindwa kufasiri kinachoonekana. Mtoto wa namna hiyo huweza kuona kitu kimoja chenye rangi kali juu ya kitambaa kisicho na maua, kisha asikione kitu hicho hicho kikiwa katikati ya vingine. Mkono ulioathirika mara nyingi umepoteza pia hisia za kutambua kilichoshikwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto kuusahau. Usikivu unapaswa kupimwa mapema.

Kula ndiko kunakoamua maisha ya wengi. Ulimi unasukuma chakula nje, taya zinabana kijiko, na kumeza kunachelewa kiasi kwamba chakula au maji huingia kwenye njia ya hewa. Mtoto hukohoa, hukwama, hutoa machozi. Wengine hawakohoi kabisa, na dalili pekee ni nimonia isiyoisha. Desturi ya kumlaza chali mapajani na kummiminia uji mdomoni, ambayo hufanywa kwa nia njema na mama aliyechoka, ni ya hatari sana kwa mtoto huyu. Anapaswa kukaa wima, nyonga na magoti vimekunjwa, kichwa kimeelekea mbele kidogo, na anayemlisha akae mbele yake usawa wa macho. Kijiko kiwe kidogo, kigandamizwe kidogo juu ya ulimi, kisha asubiriwe ameze kabla ya kingine. Uji mzito na vyakula vilivyopondwa humezeka kwa usalama kuliko vyakula vya maji maji. Kwa kuwa anakula kidogo na kwa muda mrefu, kila kijiko kinahitaji kubeba nguvu nyingi: karanga zilizosagwa, mafuta, maziwa, yai, parachichi. Wazazi wengi huambiwa kwamba mtoto amekonda kwa sababu ya ulemavu wake. Mara nyingi amekonda kwa sababu hashibi.

Choo kigumu, usingizi wa mang'amung'amu na chakula kupanda kooni huongeza maumivu, na maumivu huongeza ukakamavu. Mtoto asiyesema ambaye ghafla amekuwa mkakamavu zaidi, au analia kila anapobadilishwa nguo, aangaliwe meno, masikio, tumbo na nyonga kabla ya kuongezewa dawa za kulegeza misuli.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mtoto kliniki ni ngumi zinazobaki zimefungwa baada ya miezi 4, kichwa kinachoanguka nyuma anapovutwa kukaa akiwa na miezi hiyo, kushindwa kukaa akiwa na miezi 9, miguu inayopishana, upande mmoja unaotumika kuliko mwingine, na kunyonya kwa shida tangu mwanzo. Mtaalamu aliyefunzwa anaweza kuona mengi mapema zaidi, kwa kutazama tu namna mtoto wa miezi 3 hadi 5 anavyochezesha mwili wake akiwa amelala chali. Hakuna haja ya kusubiri jina la ugonjwa liandikwe ndipo mazoezi yaanze.

Tiba ya mazoezi imebadilika. Mbinu zilizotawala karne iliyopita, hasa ile ya Berta na Karel Bobath wa London, zilitegemea sana mikono ya mtaalamu kumgeuza na kumwongoza mtoto. Ushahidi wa miaka ya karibuni unaelekeza kwingine: mtoto hujifunza kwa kufanya yeye mwenyewe jambo analolitaka, mara nyingi, katika mazingira yake. Kushika kikombe hujifunzwa kwa kushika kikombe. Kwa hiyo nusu saa ya fiziotherapia kwa mwezi katika hospitali ya mkoa haiwezi kushindana na saa zote anazokaa nyumbani, na kazi kubwa ya mtaalamu ni kumfundisha mlezi. Kumbeba mgongoni kwa kanga huku miguu ikiwa imetanuka pande mbili huyaachanisha mapaja na kumruhusu kuona watu, mradi shingo yake ina nguvu au imeegemezwa. Kumwacha amelala chali siku nzima juu ya mkeka humkazia kila kasoro aliyonayo. Kiti cha kona, kilichotengenezwa na fundi seremala kwa vipimo vyake, chenye meza mbele na mkanda wa nyonga, humpa mikono huru. Ubao wa kusimamia huifanya mifupa ibebe uzito wa mwili.

Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Watoto ya CURE huko Kijabe na vituo vya chama cha APDK nchini Kenya ni kati ya sehemu zinazotoa huduma kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyooshea miguu wamekuwa wakifunzwa Moshi, katika chuo cha TATCOT, tangu miaka ya 1980. Kwa kisigino kinachoinuka, mguu huweza kufungwa hogo kwa wiki chache, likibadilishwa kila baada ya muda ili kuunyoosha hatua kwa hatua, kisha mtoto akavaa kifaa cha plastiki ndani ya kiatu. Sindano za botulinamu hulegeza msuli kwa miezi 3 au 4, na hazina faida kama muda huo haukutumiwa kwa mazoezi. Baklofeni ya vidonge hupunguza ukakamavu wa mwili mzima, ingawa huleta usingizi. Nayo haikatizwi ghafla. Upasuaji wa kukata baadhi ya nyuzi za fahamu zinazoingia kwenye uti wa mgongo, ambao sasa hufanyika Ulaya na Marekani, uliboreshwa Afrika: Warwick Peacock aliufanya Cape Town mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kuhamia Marekani. Unawafaa watoto wachache, hasa wale wenye miguu mikakamavu, mikono mizuri na kiwiliwili chenye nguvu.

Watoto wa madaraja ya chini huishi hadi uzeeni kama watu wengine. Wengi hupungukiwa na uwezo wa kutembea mapema kuliko wenzao, kwa sababu kila hatua imewagharimu nguvu nyingi na viungo vimechakaa, na kijana anayechagua kiti cha magurudumu kwa safari ya sokoni ili abakiwe na nguvu za kazi hajarudi nyuma. Nyonga na mgongo huendelea kupimwa mpaka mifupa itakapoacha kukua, na kwa mwenye mgongo uliokwisha kupinda sana vipimo huendelea hata baada ya hapo, akiwa tayari amehamia katika kliniki za watu wazima.